Maji ya Songea, vita ya Msimbati: Huyu ndiye kolekole, beki katili wa mwambani

Songea. Ukimuuliza shabiki wa soka wa Songea habari za vita, atakutajia mbili. Ya kwanza ni Vita ya Majimaji ya mwaka 1905 hadi 1907, iliyoacha jina lake kwenye uwanja na kwenye timu ya mji. Ya pili ni msimu wa 2017/18, Majimaji ‘Wanalizombe’ iliposhuka daraja kutoka Ligi Kuu na kuuacha mji mzima ukiuguza kidonda.

Ipo vita ya tatu ambayo vijiweni haizungumzwi sana. Inapiganwa mbali, zaidi ya kilomita 600 kwa barabara kupitia Namtumbo, Tunduru na Masasi, kule ambako ardhi ya Mtwara inaishia na Bahari ya Hindi inaanza. Upande mmoja yupo mvuvi mwenye fimbo, rili na kipande cha mti kilichopakwa rangi. Upande wa pili yupo samaki anayeitwa kolekole.

Mchezo huo hauna refa, hauna VAR wala dakika za nyongeza. Na mara nyingi anayetoka uwanjani ameinamisha kichwa ni binadamu.

Songea ina hisa zake katika mechi hiyo. Milima ya Matogoro, ile ile inayoutazama mji, ndiko Mto Ruvuma unakoanzia. Mto huo unasafiri takribani kilomita 800, sehemu kubwa ukiwa mpaka wa Tanzania na Msumbiji, kabla ya kumwaga maji yake baharini kusini mwa Msimbati. Maji yanayochuruzika leo chini ya miti ya Matogoro ndiyo yatakayopita kwenye mikoko ya mdomo wa mto, sehemu ya aina ambayo kolekole wadogo hupenda kukulia.

Kwa lugha ya mpira, akademi ya kolekole inapata maji yake Songea.

Ni nani huyu?

Jina kolekole pwani linabeba ukoo mzima wa samaki wenye mwili bapa, mkia wa panda na nguvu za ajabu. Huyu anayezungumziwa hapa ndiye mkubwa wa ukoo, yule ambaye wataalamu wanamwita Caranx ignobilis. Kuna wavuvi wanaomwita karambisi. Kwa majina yote mawili, hadhi yake ni ile ile.

Anaweza kufikia urefu wa sentimita 170 na uzito wa kilo 80. Paji lake la uso limesimama wima kama ukuta, taya ni nene, na pembeni mwa mkia ana safu ya magamba magumu yenye ncha kama msumeno. Mvuvi akimshika mkia kizembe, kiganja kinachanika. Wengi ni wa rangi ya fedha, lakini madume makubwa hugeuka kuwa meusi, na ukimwona mmoja akipita juu ya matumbawe unaweza kudhani ni kivuli cha ngalawa.

Chakula chake ni chochote kinachoingia mdomoni: samaki wadogo, kaa, kamba kochi, pweza, ngisi. Huwinda peke yake, lakini akiwa na wenzake ndipo anatisha zaidi. Utafiti uliofanywa Hawaii katika miaka ya 1970 ulionyesha kuwa kolekole wanaowinda kwa kundi wanafanikiwa zaidi kulivunja kundi la dagaa kuliko anayewinda pekee, na anayetangulia mbele ndiye anayenufaika zaidi.

Shabiki wa soka hahitaji kuelezwa zaidi. Hiyo ni presha ya timu nzima: mmoja anamfuata mwenye mpira, wengine wanaziba njia za pasi, na pasi mbovu ikitoka tu, bao.

Mwaka 2017 dunia iliyashuhudia haya kwenye runinga. Kipindi cha Blue Planet II cha BBC kilionyesha kolekole wa kisiwa cha Farquhar huko Shelisheli wakiruka nje ya maji na kuwadaka ndege wa baharini hewani. Ndege wachanga waliokuwa wanajifunza kuruka walipita chini chini juu ya maji, na samaki akawa anawafuata kwa macho kutoka chini, anapiga hesabu ya mwendo, kisha anapaa. Samaki anakula ndege. Watu wengi waliotazama walirudia kipande hicho mara mbili mbili wakidhani ni mchezo wa kompyuta.

Chambo kisicho na nyama

Uvuvi wa mshipi wenye chambo cha kweli, iwe ngisi au kipande cha samaki, unajulikana pwani yote. Huu wa kolekole una tofauti moja kubwa: chambo hakina nyama, hakina harufu, hakina damu. Ni kitu cha mti au plastiki ngumu chenye ndoana, na kazi ya kukifanya kionekane hai ni ya mikono ya mvuvi.

Vipo vya aina mbili kubwa. Cha kwanza ni popa. Uso wake umebonyea ndani kama kikombe, hivyo mvuvi akikivuta kwa nguvu kinagonga maji na kutoa mlio mzito, ‘pwoo’, huku kikirusha povu. Kwa kolekole aliye mita kumi chini, mlio huo ni kama tarumbeta la uwanjani. Anajua kuna samaki mkubwa anakula juu, naye hataki kupitwa.

Cha pili ni chembamba, kirefu, kisicho na kikombe usoni. Hiki hakipigi kelele. Kinayumba kulia na kushoto chini kidogo ya maji kama samaki aliyejeruhiwa ambaye hajui aelekee wapi. Siku ambazo bahari imetulia na kolekole ana wasiwasi, hiki ndicho kinachofunga mabao.

Vyote viwili vina uzito wa kati ya gramu 80 na 200 hivi, na mvuvi anatakiwa kukirusha umbali wa mita 40 hadi 60, akivute mpaka kwenye chombo, arushe tena. Tena. Na tena. Mara mia mbili kwa siku, chini ya jua, akiwa amesimama kwenye boti inayocheza. Wengi wanaoanza huishia kushika kiuno saa nne asubuhi.

Vifaa vyenyewe havina masihara. Uzi ni wa kusuka, mwembamba lakini wenye uwezo wa kuhimili kilo 40 hadi 60 bila kukatika. Mbele yake hufungwa kipande cha nailoni nene zaidi, cha kilo 60 mpaka 100, maana matumbawe yana makali ya wembe. Rili ina breki ya ndani ambayo huachia uzi samaki akivuta kupita kiasi. Wavuvi wa kolekole huikaza breki hiyo mpaka kilo 10 au 15. Ni sawa na mtu kufungwa mfuko wa saruji wa kilo 50 usiotulia, halafu aambiwe abaki na theluthi yake mkononi bila kuuachia.

Mambo haya si mageni kabisa kwa Waswahili. Kurambaza, yaani kuburuta mshipi nyuma ya chombo kinachotembea, ni uvuvi wa tangu zamani pwani hii, na wazee wamekuwa wakifunga vipande vya kitambaa cheupe au manyoya ya kuku kwenye ndoana ili nguru na jodari wadhani ni dagaa anayekimbia. Chambo cha kudanganya kilikuwepo. Kilichoongezeka ni fimbo, rili na bei.

Dakika tano za moto

Mechi yenyewe huanza ghafla. Popa imetua kwenye povu, pale mawimbi yanapopasukia juu ya mwamba. Mvuvi anavuta, ‘pwoo’. Anavuta tena, ‘pwoo’. Kisha maji yanapasuka kama mtu katupa jiwe kubwa kutoka juu ya mnazi, na popa haipo.

Sekunde kumi za kwanza ndizo zinazoamua kila kitu. Kolekole hakimbilii kwenye kina kirefu kucheza sarakasi kama nduaro. Anageuza kichwa na kushuka moja kwa moja kuelekea kwenye mwamba anaoujua kama beki anavyolijua boksi lake. Anajua pango liko wapi na jiwe lenye makali liko wapi. Akifika hapo na uzi ukagusa tumbawe, mechi imekwisha. Kinachobaki ni fimbo iliyonyooka na mvuvi anayetazama bahari bila la kusema.

Ndiyo maana breki hukazwa kiasi kile. Hakuna nafasi ya kumwacha akimbie achoke kama wafanyavyo wavuvi wa nduaro, ambao huweza kumfuata samaki kwa saa nzima. Hapa ni kukaba mtu kwa mtu. Nahodha naye anacheza nafasi yake: mara tu samaki anaposhika, hugeuza boti na kuiondoa mwambani, ili samaki avutwe kuelekea maji marefu yasiyo na mawe. Nahodha akichelewa kuwasha mashine, lawama zote zake, kama kipa aliyetoka golini bila sababu.

Dakika ya pili samaki hupunguza kasi, lakini hajachoka. Hulaza mwili wake bapa dhidi ya mvuto, na uzito wake unaongezeka mara mbili. Mvuvi anainua fimbo kidogo, anazungusha rili akishusha, anainua tena. Mgongo unaungua. Mkanda wa kiunoni wenye kikombe cha kuwekea kitako cha fimbo unachimba nyonga.

Kwa samaki wa kilo 20 hivi, mwenye urefu wa mita moja, pambano huwa la dakika tano au kumi. Kwa wakubwa wa kilo 40 na kuendelea, ni zaidi, na wengi wao hawafiki kwenye boti kabisa.

Rekodi ya dunia inashikiliwa na Mjapani Keiki Hamasaki. Mei 22, 2006 aliivua kolekole ya kilo 72.8 kwenye visiwa vya Tokara, mkoa wa Kagoshima. Karibu miaka ishirini ilipita bila rekodi hiyo kuvunjwa, na si kwamba watu hawakujaribu. Kilo 72.8 ni uzito wa mwanasoka wa kawaida wa Ligi Kuu, na hapo chukua mchezaji ambaye mwili wake wote ni misuli na anapumulia majini.

Kaskazi, kusi na bamvua

Kama ilivyo kwa soka, mchezo huu una ratiba yake, ila hapangi mtu. Hupanga mwezi na upepo.

Kusi ikivuma, kuanzia Aprili kuelekea Septemba, bahari ya Mtwara huchafuka na vyombo vidogo hukaa ndani ya ghuba. Kaskazi inapoingia, Novemba mpaka Machi, maji hutulia zaidi na miamba ya nje hufikika. Katikati ya pepo hizo mbili, bahari inapokuwa shwari, ndipo manahodha wengi hupenda kutoka.

Mwezi nao una kauli. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani ya Tanzania hupita mita tatu. Maji mengi kiasi hicho yakipita kwenye mlango mwembamba wa mwamba, yanakuwa mto ndani ya bahari. Samaki wadogo hawawezi kushindana na mkondo, wanasombwa, na kolekole anawasubiri mlangoni akiwa ametulia tuli. Wakati wa maji mafu mkondo hulegea, na kolekole naye hulegea.

Maeneo yanayotajwa sana kwa mchezo huu nchini ni Mafia, Mkondo wa Pemba na kisiwa kidogo cha mawe cha Fungu la Kizimkazi, kilicho baharini mashariki mwa Dar es Salaam. Kenya wana Watamu, Malindi na Shimoni, ambako uvuvi wa michezo una historia ndefu. Mtwara hupata wageni wachache zaidi, ingawa ina mdomo wa mto mkubwa na miamba mikubwa kwa pamoja.

Eneo hilo lililindwa rasmi mwaka 2000 kwa kuanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye kilomita za mraba 650 za bahari, mikoko na vijiji. Watu hawakuhamishwa. Wanaishi ndani, wanalima ndani, wanavua ndani kwa masharti.

Kadi nyekundu ya bomu

Kolekole hana adui mkubwa mwambani zaidi ya papa. Adui aliyemshinda alikuja na chupa, utambi na baruti.

Kwa miongo kadhaa, uvuvi wa mabomu ulikuwa wimbo wa aibu wa pwani ya Tanzania, na Mtwara ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Hesabu yake ilikuwa rahisi na ya kinyama. Kundi la samaki likionekana, bomu linarushwa, mlipuko unapasua vibofu vya hewa vya samaki wote walio karibu, wakubwa kwa wadogo. Baadhi huelea, wengi huzama na kuoza chini bila kuliwa na mtu. Waliokuwa wanasubiri kuzaliana hufa pamoja na waliokwishazaa.

Samaki wanaweza kurudi. Kilichokuwa kigumu zaidi ni mwamba wenyewe. Matumbawe yaliyojengeka kwa mamia ya miaka hugeuka kifusi kwa sekunde moja, na kifusi hicho huendelea kuviringishwa na mawimbi, hivyo matumbawe machanga hayapati mahali pa kushika. Ni kama kulima kiwanja cha mpira kwa trekta kisha kuwaambia watoto wacheze hapo hapo.

Na bomu halikuchagua. Pwani wapo wanaume waliobaki na mkono mmoja kwa sababu utambi ulikuwa mfupi kuliko walivyodhani. Wapo ambao hawakubaki kabisa.

Msako wa vyombo vya dola ulioshika kasi miaka ya mwisho ya muongo wa 2010 ulipunguza milipuko hiyo kwa kiasi kikubwa. Lakini mwamba haukutani na mahakama. Hata bomu la mwisho likishalipuka, ukimya unaofuata lazima udumu miaka mingi kabla ya matumbawe kurudi kuwa nyumba ya mtu.

Kolekole anaumia mara mbili katika hili. Anakula samaki wa mwambani, hivyo mwamba ukifa hana chakula. Na hakui upesi kama dagaa. Hufikia umri wa kuzaa akiwa na miaka mitatu hivi, urefu wa sentimita 60. Jitu la kilo 40 limeishi miaka mingi zaidi ya hapo, na likiondoka halina mbadala kwenye benchi.

Kumrudisha au kumla?

Hapa ndipo mchezo huu unapogusa mfuko na tumbo, na ndipo ubishi unapoanza.

Wavuvi wengi wa michezo humrudisha kolekole majini. Hung’oa ndoana za meno matatu na kuweka ndoana moja moja, zilizosagwa ile ncha ya nyuma inayozuia kuchomoka. Samaki hushikwa kwa mikono iliyoloa, hupigwa picha moja, kisha hushikiliwa majini akiwa ameelekea mkondo mpaka apige mkia mwenyewe na kuondoka. Akikaa nje muda mrefu au akining’inizwa kwa taya, anaweza kuondoka hai na kufa baadaye, au kuangukia kwa papa kabla hajapata nguvu.

Hoja yao ni ya kibiashara pia. Samaki aliyepelekwa mnadani huuzwa mara moja. Samaki aliyerudishwa anaweza kuvuliwa tena na mgeni mwingine atakayelipia boti, mafuta, nahodha, chakula na chumba. Shelisheli wameijenga biashara nzima juu ya hesabu hiyo kwenye visiwa vyao vya mbali.

Lakini mtu wa Msimbati ana swali lake, na ni swali la haki. Yeye amekulia akijua samaki ni mboga. Ana watoto wanaosubiri pwani. Anamwona mgeni akipigana na kolekole wa kilo 25, akimshinda, akipiga picha na kumwachia, wakati yeye ameambiwa asitumie nyavu zake za zamani eneo fulani kwa sababu ya hifadhi. Kwake, huko ni kuchezea chakula.

Swali hilo halijibiwi kwa hotuba. Linajibiwa kwa kuangalia nani analipwa. Kama nahodha wa boti ni kijana wa kijijini, kama nyumba ya wageni inanunua samaki wa kula na mboga kwa akina mama wa hapo hapo, kama sehemu ya ada inaonekana kwenye zahanati na darasa, basi kolekole aliyerudishwa majini ameacha kitu nchi kavu. Kama boti, nahodha na faida vyote vinatoka mjini na kurudi mjini, mwanakijiji ana kila sababu ya kuuliza kwa nini alinde samaki wa mwenzake.

Na hakuna anayejua mwamba kama yeye. Fimbo za bei kubwa na rili za Japan hazimwonyeshi mgeni mlango upi wa maji kolekole anasimama wakati wa bamvua. Anayejua ni mzee aliyevua hapo kwa mshipi wa mkono miaka arobaini. Timu yenye vifaa vyote na isiyo na kocha inajulikana inapoishia.

Ziwa Nyasa, uwanja wa mazoezi

Kijana wa Songea anayesoma haya anaweza kusema bahari ni mbali. Kweli ni mbali. Lakini upande wa pili wa mkoa wake, takribani kilomita 165 kupitia Mbinga, kuna Mbamba Bay na Ziwa Nyasa, moja ya maziwa yenye kina kirefu zaidi duniani, kinachokaribia mita 700.

Huko hakuna kolekole. Yupo mbasa, samaki wa rangi ya fedha mwenye mwili mrefu, anayewinda dagaa wa ziwani na kupanda mito kama Ruhuhu kwenda kutaga. Wateja wa sokoni Songea wanamjua kwenye sahani. Upande wa Malawi wavuvi wa fimbo wamekuwa wakimvua kwa vyambo bandia vidogo vinavyozunguka na kumetameta. Hana nguvu za kolekole na uzito wake ni wa kilo chache, lakini mbinu ni zile zile: kurusha, kuvuta kwa mdundo, kusoma maji, kutokata tamaa baada ya mrusho wa hamsini.

Mbasa naye ana mashaka yake. Samaki anayepanda mto kutaga ni rahisi kumtega, maana njia yake inajulikana na msimu wake unajulikana. Nyavu zikitandazwa kuziba mdomo wa mto wakati huo, mayai hayafiki yanakotakiwa. Ni sawa na kuvunja basi la timu likiwa njiani kwenda uwanjani.

Mechi inaanzia juu

Kutoka kwenye ziwa mpaka baharini, kinachounganisha simulizi hizi ni maji, na maji ya Ruvuma yana mwenyewe: ni yule anayeishi yanakoanzia.

Kolekole wadogo huvumilia maji yenye chumvi kidogo, ndiyo maana huingia midomoni mwa mito na kwenye mikoko, ambako papa na kolekole wakubwa hawawafikii kirahisi. Huko hula kamba na samaki wadogo mpaka wapate mwili wa kutoka kwenda mwambani. Mto ukileta maji safi na udongo wa kiasi, mikoko hustawi. Mto ukileta matope mengi kwa sababu milima imekatwa miti na kingo zimelimwa mpaka kwenye maji, matope hayo hufunika matumbawe na kuyaziba pumzi.

Kwa hiyo mti unaokatwa Matogoro kwa ajili ya mkaa, na shamba linalofunguliwa kwenye chanzo, ni faulo inayochezwa Songea na penalti inapigwa Msimbati. Kwa bahati nzuri kinyume chake pia ni kweli. Anayelinda chanzo cha maji Matogoro, hata kama hajawahi kuiona bahari, anacheza namba sita kwenye timu ya kolekole: hafungi mabao, jina lake halitangazwi, lakini bila yeye timu inavuja katikati.

Mvua za Songea huanza Novemba au Desemba na kuendelea mpaka Aprili. Vijito vya Matogoro hujaa, Ruvuma hupanda na kubadilika rangi, na maji hayo huanza safari yake ndefu kupita Tunduru na mipakani. Baadaye, wavuvi wa Msimbati wakitoka alfajiri na ngalawa zao, hukuta bahari ya kusini imeingia ukahawia. Hapo, hata bila simu, wanajua kwamba huko juu kumenyesha.